Kadi ya Bluu

Mke wangu ni refa. Nikiwaambia hivyo watu wasiotufahamu huwa wanacheka kwanza, halafu wananiuliza kama nyumbani ananionyesha kadi. Nimeshazoea. Nilimwona Sabina kwa mara ya kwanza katikati ya uwanja pale Kisesa, amezungukwa na wanaume wanaomzidi kimo, wote wanampigia kelele, yeye kaweka mikono nyuma anasubiri wachoke. Walipochoka akaonyesha nukta ya penalti, na penalti ikapigwa. Mimi ni fundi seremala, siyo mtu wa maneno mengi, lakini siku ile nilijisemea kwamba yule dada nitamfuata hata akinipa nyekundu.

Ninachotaka kusimulia ni fainali ya wanawake ya Kombe la Ufukweni, ile iliyochezwa Butimba, yenye kadi ya bluu. Lakini fainali hiyo haieleweki bila yaliyotokea mwaka uliotangulia.

Mwaka huo Sabina alichezesha nusu fainali. Malkia wa Kamanga walikuwa nyuma kwa bao moja, dakika zimekwisha, wakapiga shuti moja kali. Mpira ukagonga mtambaa panya, ukadunda chini, ukarudi uwanjani. Kamanga wakaanza kushangilia. Sabina, ambaye alikuwa amesimama jirani na lango, akatikisa kichwa na kuonyesha kwa mkono kwamba mchezo uendelee. Haukuvuka mstari. Muda mfupi baadaye akapuliza filimbi ya mwisho, na Kamanga wakawa wametolewa.

Zilianza chupa za maji, yakafuata mawe. Mke wangu alitolewa uwanjani kafunikwa koti la askari kichwani. Kesho yake kocha wa Kamanga, Nurdin, mtu mwenye sauti ya kuuzia mitumba, alikwenda redioni akasema, "Yule mama kauza mechi." Basi. Maneno hayo yalifika Kisesa kabla hata sisi hatujamaliza kunywa chai. Sabina ana cherehani zake mbili pale sokoni, anashona sare za shule, na wateja waliokuwa wakija kupima watoto wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Binti yetu Gladness alirudi kutoka shuleni kola imechanika, akakataa kusema alikuwa anagombania nini. Viongozi wa waamuzi wakasema Sabina apumzike kidogo mpaka mambo yatulie.

Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyekuwa na picha ya lile shuti. Watu wote wenye simu walikuwa wamejigeuzia kamera wenyewe, wanajirekodi wakishangilia bao ambalo halikuwepo. Au lilikuwepo. Mimi nilikaa nyuma ya lango la upande mwingine.

Jioni moja, tukiwa tunakula, aliniuliza, "Baba Gladness, na wewe uliuona umevuka?"

"Mimi sikuona kitu," nikasema. "Nilikuwa mbali."

Akaniongezea mboga. "Tangu siku ile wewe ndiye mtu wa kwanza kunijibu ukweli."

Mwaka huu kamati ya kombe ikaitisha kikao, na makocha na waamuzi wote wakaalikwa. Mwenyekiti ni Mzee Rahim, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, mtu mzima anayependa mpira kuliko anavyopenda kulala. Nilimsindikiza Sabina, nikakaa kiti cha nyuma. Nurdin ndiye aliyekuja na hoja.

"Nataka marudio ya video," alisema. "Siyo ile ya Ulaya ambayo watu wamejifungia chumbani huko hatuwaoni. Hii ni yetu, nyepesi. Kila kocha anapewa kadi moja ya bluu. Refa akitoa uamuzi wa bao, penalti au kadi nyekundu, na mimi naona siyo, nanyanyua kadi yangu. Refa anakwenda kwenye runinga, anaangalia picha, anarudi kutuambia kwa kipaza sauti. Nikiwa sahihi, kadi inabaki kwangu. Nikikosea, nimeipoteza, nafunga mdomo mpaka mwisho."

Watu wakacheka, maana Nurdin kufunga mdomo ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Kisha vichwa vyote vikageuka kumtazama mke wangu. Walidhani atapiga makofi. Nani mwingine alikuwa na hamu ya picha kama yeye?

Sabina akasimama. "Mwenyekiti, mimi napinga."

Hata mimi nilishtuka.

"Kocha Nurdin," akaendelea, "hapa ndani mimi ndiye ningefaidika kuliko mtu yeyote. Lakini mpira ni mchezo unaokwenda. Ukianza kuusimamisha kila mtu akilalamika, utakuwa mkutano wa kijiji. Na kuna jingine. Refa akijua kuna kamera nyuma yake, ataacha kuamua. Ataona mtu kavunjwa mguu, atasema moyoni, wakitaka wataomba picha. Uwanjani pale lazima awepo mtu mmoja mwenye ujasiri wa kusema ndiyo au hapana, papo hapo."

"Na mtu huyo mmoja akikosea?" Nurdin alikuwa ameshasimama naye. "Wasichana wangu wanakimbia mchangani alfajiri, ndipo waende kwenye dagaa zao. Mwaka mzima wa jasho, halafu uishie kwenye jicho moja lililoingia vumbi?"

"Jicho langu halikuingia vumbi."

"Ndivyo unavyosema wewe."

"Na wewe ulisemea redioni."

Mzee Rahim akagonga meza. Wakapiga kura, na hoja ya Nurdin ikapita kwa mikono mingi. Sabina akakaa.

Siku chache kabla ya fainali Mzee Rahim alikuja kwetu. Tulimwamkia, tukampa kiti, akanywa maji, na kabla hajaulizwa akasema, "Mwanangu Sabina, sina refa."

Ikawa hivi: waamuzi wenzake walichezesha hatua za awali, ambako kamera zilikuwa bado hazijafungwa. Sasa fainali imefika, kamera zipo, wote wamekataa. Mmoja alisema hawezi kuvuliwa nguo mbele ya umati. Mwingine alisema mgongo unamuuma.

"Na fainali ni nani na nani?" Sabina akauliza, ingawa alijua.

"Nyota wa Butimba na Malkia wa Kamanga."

Nilisema hapana kabla yeye hajafungua mdomo. Nilisema mke wangu hatapigwa mawe na watu walewale mara mbili. "Tena wewe mwenyewe si uliipinga hiyo video?" nikamgeukia.

"Niliipinga kikaoni, Baba Gladness. Kikao kimeamua. Kila siku nawaambia wachezaji wakubali uamuzi wasioupenda. Sasa mimi nikatae?" Akamtazama Mzee Rahim. "Kocha Nurdin anajua kwamba umekuja hapa?"

"Nurdin ndiye aliyenituma. Alisema, huyo mama nagombana naye, lakini sijawahi kumwona anakimbia."

Sabina alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akamwambia mzee kwamba atakuja.

Uwanja wa fainali uko karibu na ziwa kiasi kwamba mpira ukipigwa vibaya unachukuliwa majini. Majukwaa ni yale mawe makubwa ya kwetu, yamepangana kama ngazi, na watu huwahi kukaa kwenye yale yenye kivuli. Mimi nilichelewa kwa sababu nilikuwa nasaidia kufunga turubai la runinga. Nilipopanda, sehemu iliyobaki ilikuwa katikati ya watu wa Kamanga, waliovuka na kivuko tangu asubuhi na ngoma zao. Nikabanana na mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyejitambulisha kwa jina la Mwanvua na kunipa karanga bila kuulizwa.

"Unamwona yule refa?" akaniambia. "Yule ndiye aliyetuua mwaka jana. Sijui mumewe anaishi naye vipi."

"Anaishi naye vizuri tu," nikamjibu, nikaendelea na karanga.

Mechi ilianza kwa kasi. Butimba walipata bao mapema, kichwa safi kutokana na kona, hakuna wa kubishana. Kamanga wakaja juu. Nahodha wao, Modesta, ni msichana mrefu mwenye mbio za ajabu, na mabeki wa Butimba walikuwa wanamfuata wawili wawili. Kipindi cha kwanza kinakaribia kwisha, akawaponyoka, akaingia kwenye eneo la hatari, akaanguka. Kutoka juu ya mawe ilionekana kama kajirusha. Sabina alikimbia mpaka pale, akatoa kadi ya njano na kumwonyesha Modesta mwenyewe, kwa kosa la kudanganya.

Mwanvua akatoa tusi ambalo silirudii hapa. Pale chini, Nurdin alikuwa ameshanyanyua kadi yake ya bluu juu ya kichwa, anaitikisa kama mtu anayesimamisha basi.

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kadi hiyo kutumika. Sabina akatembea hadi chini ya turubai, ambako binti mmoja anayeitwa Raya alikuwa anashughulika na kompyuta na runinga. Runinga ilielekezwa kwa refa, lakini ilikuwa kubwa, na waliokaa jirani waliweza kuona. Sabina akaangalia mara moja. Akaomba irudiwe. Baadaye alinisimulia kwamba mshika kibendera alimsogelea akamnong'oneza, "Madam, picha haijakaa wazi sana. Ukibaki na ulichosema, hakuna wa kukulaumu."

"Wewe unaona nini pale?" akamuuliza.

Mshika kibendera akatazama viatu vyake.

Sabina akachukua kipaza sauti.

"Mimi mwamuzi, Sabina Mayala," alisema, na sauti yake ikagonga mawe ikarudi. "Nimeangalia picha. Beki amemkanyaga Modesta kisigino. Nilikuwa upande wa pili, sikuona. Nimekosea. Kadi ya Modesta nimeifuta. Ni penalti."

Neno lile, nimekosea. Nimetazama mpira maisha yangu yote na sijawahi kulisikia likitoka kwa refa. Watu wengine waliangua kicheko. Wengine wakapaza sauti, "Tulisema! Tulisema sisi!" Nyuma yangu kijana mmoja akapiga mbinja ya dharau. Nilihisi uso unaniwaka. Lakini Mwanvua alikuwa amesimama, kashika kichwa kwa mikono miwili, anasema polepole, "Kakiri. Refa kakiri. Jamani, kakiri mbele ya watu."

Sabina alimpita Modesta karibu na nukta ya penalti, na wote tuliona amemwambia kitu. Alisema, "Samahani, nahodha." Modesta akaitika kwa kichwa, akauweka mpira chini, akafunga. Sasa wakawa sare, moja kwa moja.

Wakati wa mapumziko niliteremka hadi kwenye turubai. Alikuwa anakunywa maji.

"Mama Gladness, uko sawa?"

"Nilidhani nitakufa pale," alisema. "Sikufa." Akajifuta mdomo. "Kazi iko kipindi cha pili. Kila filimbi sasa watanipigia kelele niende kwenye runinga."

"Basi si uende."

"Hapana. Kwanza niamue. Runinga baadaye."

Na ndivyo alivyofanya. Nilikuwa na hofu kwamba angerudi uwanjani amenywea, lakini nilimwona Sabina yule wa Kisesa, wa zamani kabisa. Alikuwa karibu na kila mpira. Beki wa Kamanga aliyecheza kwa viwiko akaitwa pembeni, akapewa maneno, akatulia. Butimba walipoomba penalti kwa mpira uliogonga bega, akakataa papo hapo, bila kupepesa jicho. Kocha wao akanyanyua kadi. Picha ikaonyesha bega tupu, na Butimba wakawa wamepoteza kadi yao. Makofi kidogo yakasikika upande wa kivuli. Mwanvua hakupiga, ila alisema, "Hmm."

Kisha upepo wa ziwa ukaanza, ule wa jioni unaobeba mpira unakotaka wenyewe, na mechi ikaingia dakika za nyongeza bado wakiwa moja kwa moja. Kamanga wakapata kona. Kipa wao naye akapanda. Mpira ulipigwa juu, upepo ukauzuia hewani, watu wote wakaruka kwa pamoja, miguu na mikono na vichwa, na ikaonekana Modesta kawazidi wote. Nyavu zikatikisika.

Sijui niseme nini kuhusu kelele zile. Ngoma zilipigwa na watu wasiojua kupiga ngoma. Mwanvua alinikumbatia, akamwaga karanga zote. Wachezaji wa Kamanga walikuwa wamelaliana chini kama magunia.

Ndipo filimbi ikasikika. Ndefu. Sabina alikuwa amenyoosha mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anajigonga kiganja juu ya kifundo cha mkono. Kaunawa. Siyo bao.

Mikono ya Mwanvua ikaniachia. Halafu ukaja mngurumo ambao niliutambua, kwa sababu ndio uleule. Refa yuleyule, timu ileile, bao la mwisho. Watu wakaanza kuteremka kwenye mawe. Mbele yangu mwanaume mmoja mwenye fulana ya kijani aliinama, alipoinuka alikuwa na jiwe. Na mimi nikaanza kuteremka. Sikujua nikifika chini nitafanya nini. Nilijua tu kwamba mwaka huu hatatolewa pale kafunikwa koti mimi nimekaa.

Wachezaji wa Kamanga walikuwa wameshamzunguka. Yeye kaweka mikono nyuma.

Nilipofika kwenye kamba ya uwanja nilikuwa hatua chache kutoka kwa Nurdin, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu. Alimvuta Modesta kwa mkono. "Niambie mimi kocha wako. Umeunawa?"

Modesta alikuwa analia. "Sijui, kocha. Kweli tena, sijui. Nilifumba macho."

Nurdin akatazama umati unaoteremka. Akamwona na yule mwenye jiwe. Akatoa kadi yake, ambayo alibaki nayo kwa sababu mara ya kwanza alikuwa sahihi, akaruka juu ya benchi la wachezaji wa akiba, akainyanyua mpaka kwapa likaonekana.

"Subirini!" Sauti ile ya mitumba, siku ile niliipenda. "Nimeomba picha! Kila mtu asimame hapo alipo! Nimeomba picha!"

Na wakasimama. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi kuliko mambo yote. Mamia ya watu wenye hasira walisimama, halafu badala ya kumkimbilia mke wangu wakalikimbilia turubai. Yule mwenye fulana ya kijani alikuwa bado ana jiwe lake, ila sasa alikuwa ananyoosha shingo kama wengine ili aione runinga.

Sabina akaja taratibu, watu wakampisha. Raya akaweka picha ya kamera ya kwanza: vichwa vitupu. Kamera ya pili: mgongo wa kipa. Minong'ono ikaanza. "Ni bao hilo." "Hakuna mkono hapo." Nilimtazama mke wangu usoni. Hakuwa ameyumba, lakini nilimfahamu vya kutosha kuona shingo yake imekakamaa.

"Ile ya pembeni ya nguzo," alimwambia Raya. "Polepole."

Raya akaiweka. Mpira ulishuka kutoka angani kama unaelea. Modesta akapanda, macho kafumba kweli, mikono juu. Na mpira, kabla haujakigusa kichwa, ukakigonga kifundo cha mkono wake wa kulia. Ukabadilika njia. Ukaingia.

"Rudisha," alisema Nurdin kutoka nyuma ya kamba.

Raya akarudisha. Mkono. Akarudisha tena. Mkono.

Nurdin alishusha kadi yake, akamfuata Mzee Rahim, akamkabidhi mkononi. Kisha akageuka kwa watu wake, na bila kusubiri kipaza sauti akajipiga kwa nguvu kwenye kifundo chake mwenyewe. "Ni mkono!" alipaza. "Mkono kabisa! Sisi wote tulikuwa hatuoni. Refa yuko sahihi!"

Sabina akachukua kipaza sauti. Angeweza kusema mengi. Mwaka mzima wa maneno alikuwa nao kifuani. Alisema, "Mpira umegonga mkono kabla ya kichwa. Uamuzi wangu unabaki. Tuendelee na mpira."

Kigelegele cha kwanza kilitoka upande wa Butimba. Kikaitikiwa na cha pili, na hicho nilikitambua. Kilitoka juu ya mawe ya Kamanga, kirefu, kisichokatika. Mwanvua alikuwa amesimama juu ya jiwe lake, kanga inapepea, anaelekeza kidole chini. "Ana jicho yule mama! Watu wote hawa hatukuona, yeye kaona! Ana jicho!" Makofi yakaanza, yakashika mawe yote, ya kivulini na ya juani, mpaka wachezaji wenyewe wakawa wanapiga. Nilimtafuta yule mwenye fulana ya kijani. Naye alikuwa anapiga makofi. Huwezi kupiga makofi na jiwe mkononi, kwa hiyo najua alilitupa.

Nilirudi kukaa kwa Mwanvua, sikuweza kujizuia. "Yule ni mke wangu," nikamwambia.

Akanipandisha na kunishusha kwa macho. "Wewe?"

"Mimi."

"Na muda wote huu unakula karanga zangu!"

Mshindi akaamuliwa kwa mikwaju ya penalti, na hapo hapakuwa na haja ya kadi wala picha. Butimba walikosa mmoja, kipa wa Kamanga akadaka mwingine, na mkwaju wa mwisho ukamwangukia Modesta. Safari hii hakufumba macho. Aliupiga chini kabisa pembeni, na Malkia wa Kamanga wakawa mabingwa.

Umati ulipovunja kamba na kuingia uwanjani nilimwona Sabina anarudi nyuma hatua moja, na askari wawili wanamsogelea. Lakini wanawake wa Kamanga walikuwa wanamkimbilia wakiimba. Walimzunguka, wakamfunga kanga kiunoni juu ya bukta yake ya urefa, na bibi mmoja mwenye mgongo uliopinda akamshika mashavu yote mawili akimwambia kwa Kisukuma, "Wabeja, ng'wana Mayala, wabeja sana!" Wenzake wakalidaka neno hilo la shukrani wakaligeuza wimbo. Wachezaji wa Butimba, waliokuwa wameshindwa na wanalia, wakaja mmoja mmoja kumpa mkono. Gladness alikuwa amefika kwa mama yake kabla yangu, kamkumbatia hamwachii.

Mtangazaji wa redio akajipenyeza na kinasa sauti chake. Nurdin akakidaka kwanza.

"Mwaka jana nilisema kwenye redio yenu kwamba mama huyu kauza mechi," alisema. "Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na hasira. Naomba radhi kwake, kwa mume wake, na kwa binti yake huyu hapa. Nimemaliza." Kisha akainama kwenye sikio la Sabina, akidhani kinasa sauti kimezimwa. "Ila lile la mwaka jana lilivuka."

"Halikuvuka, kocha."

"Lilivuka, dada yangu."

"Basi lete picha," alisema Sabina, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega. Redio ilirusha yote.

Mtangazaji akamuuliza kama sasa anaikubali video aliyoipinga kikaoni. Sabina alifikiri. "Inasimamisha mpira mno," alisema. "Wasichana walipoa, mmoja alishikwa na misuli kwa kusubiri. Waifanyie kazi hiyo. Lakini leo nimeona mtu mwenye jiwe mkononi anasubiri kwanza aone. Kwa hilo tu, iwepo. Na mimi nitakwenda kuwaambia wenzangu waje wachezeshe. Kusema umekosea kunauma, ila unabaki mzima."

Alitaka kuendelea, lakini wanawake wa Kamanga hawakuwa na subira na mahojiano. Walimnyanyua mabegani. "Nishusheni!" alikuwa anapiga kelele huku anacheka. "Refa habebwi! Jamani, refa habebwi!" Walimbeba kuzunguka uwanja mzima, Gladness akikimbia mbele anawafungulia njia, mimi nikifuata nyuma na Mwanvua, nimebeba ngoma ambayo sijui nani alinipa.

Tulipofika upande wa ziwa tukakuta wachezaji wa Kamanga wamemkamata kocha wao, miguu wengine, mikono wengine, wanambembeza juu ya maji akiwa na suti yake ya michezo na viatu. Nurdin alipomwona Sabina kule juu mabegani akapata matumaini.

"Refa!" alipaza. "Refa, faulo hii! Unaona? Puliza filimbi!"

Sabina alimtazama vizuri kabisa. Kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele, kwa ile ishara ya kwamba hakuna kosa, mchezo uendelee, na kocha Nurdin akarushwa ziwani.